Geti la Buluu hadi Msalaba

Kitongoji cha Chorro Hondo,
Duitama, Boyacá.
8 Oktoba 2023

Mpendwa mdogo wangu Libardo,

Pokea salamu tele kutoka huku milimani, salamu za moto kwa sababu hali ya hewa ni ya baridi. Hujambo wewe? Shemeji Amparo hajambo? Na wale pacha wenu, wameshaanza kusema Kihispania chetu au bado wanaongea kama Wazaragoza wa huko Hispania? Mgongo wako umepona? Mama aliposikia kwamba kiwandani wamekurudisha kwenye zamu ya kubeba milango, alikuwashia mshumaa kanisani, na anataka kujua kama ulisikia nafuu Jumatano ile au Alhamisi.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake mzima kabisa. Juzi kamfukuza muuza dawa getini mpaka akasahau kofia. Umande wa barafu uliunguza viazi vya shamba la chini mwezi wa nane, vya juu vimepona. Yule ng'ombe mwenye doa kazaa ndama jike. Shemeji yako Nohora ananiambia nikuandikie kwamba jibini anayotengeneza sasa imekuwa nzuri kuliko ile uliyoila ulipokuja, na mimi nakubali, maana analala nami nyumba moja.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza mara tatu kwa simu, nami mara tatu nimekujibu kwamba mambo mazuri, nikageuza mazungumzo. Unasema unamtafuta Yurani kwenye ile programu ya baiskeli humwoni, jina lake limetoweka juu ya jedwali, na wenzako kiwandani uliokuwa ukiwaringia wameanza kukuchokoza eti binti wa kaka yako kachoka.

Hajachoka, Libardo. Vuta kiti ukae. Nimeamua kukuandikia kwa mkono, na barua anakuletea binti wa Doña Rosalba anayerudi huko, kwa sababu mambo haya yamenifanya nisiiamini sana simu.

Unanijua nilivyo. Marehemu Baba alikuwa akisema Evelio akiokota yai anaita kitongoji kizima waje wamwone kuku. Basi mwaka juzi Yurani aliponifungulia ile programu, nikagundua kwamba mtu yeyote anaweza kuchagua kipande cha barabara, akakipa jina, na kila anayekipita kwa baiskeli muda wake unaandikwa kwenye jedwali, dunia nzima ikaona. Nilikaa nayo siku mbili, miwani puani. Nikakata kipande kinachoanzia getini kwetu na kuishia kule juu kwenye Msalaba wa mlimani, kilomita kumi na moja na kidogo, zote za kupanda. Nikakiita "Geti la Buluu la Pirabán hadi Msalaba". Mimi niliyebebea wenzangu chupa za maji kwenye mashindano ya mkoa, nikamaliza wa sabini na tatu, hatimaye nyumba yangu ilikuwa imeingia kwenye ramani.

Na watu walikuja! Jumapili utawaona kutoka Tunja, kutoka Sogamoso, hata Bogotá, wanasimama getini, wanabonyeza vifaa vyao vya kwenye usukani, wanaondoka mbio. Wakishuka, Nohora anawauzia maji moto ya sukari guru na jibini. Mimi nasimama pale na ruana yangu, lile joho letu la sufi, begani, nawapa kila mmoja ushauri asioniomba.

Yurani alikuwa wa kwanza kati ya wanawake tangu mwanzo. Halafu mwezi wa tano akaja daktari wa meno kutoka Bogotá, Ivonne kwa jina, na baiskeli ya thamani ya ng'ombe wanne, akampita kwa sekunde tisa. Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

"Baba, sekunde tisa tu hizo," Yurani akaniambia.

"Sekunde tisa ni muda wa kutosha mtu kukuvua nguo sokoni," nikamjibu. "Jumanne unapanda."

Akapanda. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, kila wiki, saa kumi na moja alfajiri, mpaka siku moja ya mwezi wa sita akarudi na dakika thelathini na nane na sekunde kumi na mbili. Unakumbuka, wewe mwenyewe ulituma kidole gumba kutoka Zaragoza kabla hata hajavua viatu. Nililia, sikufichi. Nikaenda kwa fundi wa mabango Duitama, akaniandikia bango la mita mbili: HAPA ANAISHI MALKIA WA MSALABA. Nikalitundika getini. Nikampiga Yurani picha chini yake, na baiskeli, na yale magurudumu uliyomletea Krismasi, na mbwa wetu Trueno alipofungwa, nikaiweka kwenye programu na maelezo marefu. Nohora alitoka, akalitazama bango, akasema, "Evelio, chema chajiuza." Akarudi jikoni. Sikumuuliza alikuwa na maana gani.

Wakati huohuo likatokea jambo kubwa zaidi. Mwalimu Rubiela Cely, anayefundisha timu ya wanawake ya Duitama, alitangaza kwamba anatafuta wasichana wawili wapya. Timu hiyo inalipa mshahara, mdogo lakini mshahara, na inapeleka wasichana kushindana nje ya nchi. Akasema atawachagua kwa kutazama jedwali la Msalaba itakapofika tarehe thelathini na moja ya mwezi wa nane. Hebu fikiria! Kipande nilichokikata mimi, kinachoanzia kwangu, ndicho kitakachompeleka mwanangu. Wiki hizo nilitembea nikitanguliza kifua.

Halafu mwanzoni mwa mwezi wa nane Yurani akaacha kutoka. Jumamosi hakutoka. Jumanne hakutoka. Alhamisi nikamkuta jikoni saa kumi na mbili, anamenya viazi, amevaa sweta la mama yake.

"Umemwogopa daktari wa meno?" nikamwuliza.

Akachukua kiazi kingine.

"Siku ishirini zimebaki na wewe unamenya viazi. Nani atakumbuka msichana aliyemenya viazi vizuri?"

Akaweka kisu mezani taratibu, akatoka. Nohora alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaniambia niketi. Libardo, nakuandikia alivyoniambia, bila kuongeza wala kupunguza.

Unaifahamu ile kona ya mikaratusi, kilomita ya sita. Yurani hupunguza mwendo pale, anakula kipande cha peremende ya mapera, anaendelea. Jumamosi moja kulikuwa na mwanamume amesimama pale, gari la kijivu pembeni. Hana baiskeli, hana nguo za baiskeli. Akamwita kwa jina. Akamwambia, "Alhamisi hukupita. Jumanne moyo wako ulikuwa unapiga sana, nikaogopa unaumwa." Akanyoosha mkono. Kiganjani alikuwa na peremende ya mapera, ya aina ileile anayoipenda.

Yurani alimpita bila kusimama. Jumanne akamkuta tena palepale. Alhamisi gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa mita hamsini kutoka getini kwetu, taa zimezimwa, saa kumi na moja kasorobo. Mwanao aliirudisha baiskeli ndani, akafunga komeo.

Nikamwuliza Nohora kwa nini hakuniambia mimi baba yake.

"Alisema ukiambiwa wewe, Duitama nzima itajua kabla ya chai."

Nimechapwa na Baba, nimeanguka na baiskeli nikavunja mfupa wa bega, nimemzika Baba. Sentensi hiyo iliniuma kuliko vyote hivyo.

Yurani akaja na simu, akanionyesha. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kulikuwa na mstari mwekundu unaotoka getini kwetu, asubuhi moja juu ya nyingine, mpaka umekuwa mnene kama kamba. Saa ya kutoka. Mahali pa kupunguza mwendo. Dakika ngapi alisimama, na wapi. Moyo unapiga vipi. Siku ambazo hakuamka vizuri. Na picha yangu, yenye bango, baiskeli, jina la magurudumu, na minyororo ya Trueno.

"Baba, hata mbwa anafika wapi wanajua," akasema.

Tukaenda polisi pamoja na jirani yetu Hermes, yule mwenye lori la maziwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeinakili namba ya gari alfajiri akipita. Walimpata. Mtu wa mbali, hana kesi, alisema yeye ni shabiki tu na hakumgusa mtu. Wakamwonya, wakamwachia. Gari hatujaliona tena. Lakini Yurani alisema: huyu tumemwona kwa sababu alijionyesha.

Programu ina njia ya kujificha. Unachora duara kuzunguka nyumba yako, na chochote kinachotokea ndani ya duara hakuna anayekiona. Jambo jepesi, dakika moja. Ila kipande chetu kinaanzia getini, ndani kabisa ya duara. Ukificha geti, umeficha mwanzo; ukificha mwanzo, programu haikubali kwamba ulipanda. Muda wote unafutika, na dakika thelathini na nane na sekunde kumi na mbili nazo zinakwenda. Kama ningekata kipande kuanzia darajani, au kanisani, au popote pale ambapo si mlangoni kwangu, asingepoteza kitu.

Ilikuwa tarehe kumi na tisa. Zilibaki siku kumi na mbili Mwalimu Rubiela atazame jedwali.

Sasa nakuandikia nilichosema, kwa kuwa nimekwisha kukiungama kwa padri na wewe ndiye unayefuata. Nilimwambia, "Subiri basi mpaka tarehe thelathini na moja. Nitakusindikiza mimi mwenyewe kila asubuhi na pikipiki. Siku kumi na mbili tu, mama."

Mama yetu, ambaye nilidhani anasinzia kwenye kiti chake, akasema bila kufungua macho, "Huyu mtoto wangu ni mjinga, lakini si mbaya." Yurani alichukua simu. Halafu akachora lile duara mbele yangu, kwa kidole chake, akabonyeza. Tulilitazama jedwali wote wanne. Jina lake likaondoka, na la daktari wa meno likapanda juu. Hivyo ndivyo lilivyotoweka, mdogo wangu, ukiwa kazini kwako unalitafuta.

Nilitoka nje nikalishusha bango. Nikalikata vipande, sasa vinafunika mbolea. Nikafuta picha zangu zote. Nikabadilisha jina la kipande, nikaondoa ukoo wetu. Siku ya pili nikanunua rangi ya kahawia, nikapaka geti, na Hermes alipopita akadhani amekosea nyumba.

Nilitaka kwenda kwa Mwalimu Rubiela kumbembeleza. Nilikuwa nimeshavaa kofia. Yurani akanizuia mlangoni.

"Ukienda wewe utaanza na mashindano yako ya mwaka themanini na tisa," akasema. "Nakwenda mwenyewe."

Akaenda na basi. Nilichokisikia nimekisikia baadaye kwa Mwalimu mwenyewe. Yurani alisimama mbele yake na wasichana wengine watano waliokuwa mazoezini, akasema, "Mwalimu, nimeondoa muda wangu kwenye jedwali. Kuna mtu alikuwa ananisubiri njiani. Kama unataka kujua ninavyopanda, njoo na saa yako."

Mwalimu Rubiela ni mwanamke mkavu, hapendi hadithi. Alimwambia kanuni ni kanuni, wengine wameacha muda wao wazi. Ndipo msichana mmoja wa Paipa akasema na yeye kuna mtu humwachia maua kwenye kituo anapojaza maji. Mwingine akasema baiskeli yake iliibwa nyumbani siku mbili baada ya kuandika kwamba amebadilisha gia. Wa tatu akasema mume wa zamani wa dada yake hufuata njia zake ili ajue dada anaishi wapi siku hizi. Watano wale, Libardo, kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja alikuwa kanyamaza ili asipoteze nafasi. Binti yangu ndiye aliyelitoa la kwanza mdomoni. Mwalimu alisikiliza, akafunga daftari lake. Akasema jedwali basi, mtapanda wote mbele ya macho yangu, na siku mtaijua ninyi na wanaowalisha.

Walipanda Jumamosi, tarehe mbili ya mwezi wa tisa. Waliondoka darajani, mmoja mmoja, kila dakika mbili, bila simu, bila kifaa chochote kwenye usukani. Mwalimu alikuwa chini, msaidizi wake juu, saa mbili za mkononi zilizowekwa sawa. Wazazi tuliruhusiwa kukaa Msalabani, na simu zetu tukaziweka kwenye kikapu cha viazi kama watoto wa shule.

Kulikuwa na ukungu. Husikii kitu, mara unasikia mnyororo, mara unaona mtu. Yurani aliondoka wa nne. Katika ukungu ule alitokea wa pili. Nilianza kuhesabu ni nani na nani amewapita, nikashindwa. Alipita mbele yangu mdomo wazi, mate yamemganda kidevuni, uso mwekundu, hakuniona kabisa. Sijapata kuona kitu kizuri kama hicho tangu azaliwe.

Mwalimu alipofika juu alisoma majina mawili tu. La kwanza lilikuwa Yurani Pirabán.

Nilimkimbilia. "Dakika ngapi? Umevunja ile ya thelathini na nane?"

"Mwalimu anajua," akaniambia, akaendelea kunywa maji.

Mpaka leo sijui. Nimemwuliza Mwalimu Rubiela, akaniuliza viazi vimekuwaje mwaka huu. Kwa hiyo wenzako kiwandani wakikuuliza muda wake, waambie hata baba yake haujui, lakini msichana yuko kwenye timu, ana mkataba, na mwezi wa pili anakwenda kushindana Ecuador. Waambie kwa sauti, hilo la timu limetangazwa, si siri. Ringa, mdogo wangu, ringa mpaka uchoke. Kwa hilo nakupa ruhusa.

Na yule daktari wa meno alimwandikia Yurani ujumbe. Alisema anajua jina lake liko juu kwa sababu la Yurani halipo, na kwamba yeye pia amechora duara kuzunguka nyumba yake. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyo miezi mitatu. Juzi amekuja, naye Nohora hakumtoza hela ya jibini.

Sasa kuna jambo moja, nalo lisikukasirishe. Yurani bado anarekodi safari zake, ila wanaoziona ni wale anaowataka. Alianza na watu watatu: mama yake, Mwalimu Rubiela, na Hermes. Nilipouliza kwa nini Hermes, alinieleza kanuni yake: anayejua nilipo ni yule atakayekuja kunitafuta nisiporudi. Hermes ana lori na yuko barabarani alfajiri. Wewe baba yake mdogo anakupenda, na salamu zake utazisoma hapo chini, lakini ukiwa Zaragoza huwezi kumfikia kona ya mikaratusi.

Utaona kwamba kati ya wale watatu mimi sikuwamo. Hakunieleza sababu na sikuuliza. Wiki sita nilikuwa naamka, nasikia geti linafunguliwa, halafu namfuata Nohora jikoni namwuliza, "Yuko wapi?" Naye anachungulia simu yake, anaifunika, ananijibu, "Anapanda." Nilikunywa chai yangu hivyo, wiki sita, mimi niliyekuwa nikiitangazia dunia kila kilomita yake. Niliona ni haki.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Yurani alichukua simu yangu kutoka mfukoni mwa ruana bila kuomba. Akabonyezabonyeza, akanirudishia.

"Ukimwonyesha mtu nakutoa," akasema.

Jumanne alitoka kama kawaida. Nikaifungua. Ni kitone kidogo tu, Libardo, hakina jina wala taji, kinapanda polepole kwenye mistari ya mlima. Nikakitia mfukoni, nikashuka dukani kwa Abelardo kununua chumvi, nikikichungulia njiani. Kulikuwa na wanaume sita pale wanakunywa kahawa, wote wanaijua habari ya timu, wote wananitazama. Abelardo akaniuliza, "Enhe, Don Evelio, bingwa wetu leo yuko wapi?"

Alikuwa kilomita ya tisa, amebakiza mbili na kidogo kufika Msalabani, anakwenda vizuri kuliko nilivyowahi kumwona.

"Sijui, bwana," nikamwambia. "Nipimie chumvi."

Mama anakusalimu na anasema uvae sweta chini ya koti. Nohora anawasalimu wewe na Amparo, na amefunga jibini mbili kwenye mzigo wa binti wa Doña Rosalba. Ukikuta moja, mwulize binti. Hermes anakusalimu. Yurani anakubusu baba yake mdogo, na anasema magurudumu yako ndiyo aliyopandia siku ile. Wabusu pacha.

Mungu awalinde huko mliko, awape mkate na mgongo wa kuubebea, na awarudishe kwetu mkiwa wazima siku mtakayoitaka ninyi.

Ni mimi kaka yako akupendaye, na anayejifunza kunyamaza uzeeni,

Evelio